Ami ananitaka niwe katibu wa "Pwani si Kenya", na mke wangu ni mtu wa bara

Bi Mkubwa, shikamoo.

Nina jambo ambalo huku nyumbani siwezi kulisema bila mtu kuona nimeshachagua upande. Mimi ni Mdigo, nimezaliwa na kukulia kusini mwa kivuko cha Likoni, nina miaka 38, mke na watoto watatu. Hadi 2019 nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Serikali ilipoamuru makontena yapakiwe kwenye reli mpya moja kwa moja hadi Nairobi, kampuni ikapunguza watu, nami nikapunguzwa. Amri ile ilikuja kuondolewa 2022. Kazi yangu haikurudi. Siku hizi naendesha tuktuk.

Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyenilea na kunilipia karo. Alikuwa mtu wa MRC (Mombasa Republican Council) tangu walipoanza kusikika 2008 wakisema Pwani ijitenge. Mwaka 2012 walimjia usiku, wakampiga, akakaa rumande mpaka kesi ikatupwa kwa kukosa ushahidi. Alirudi na jicho moja ambalo hadi leo haliioni sindano. Hajawahi kuombwa radhi na yeyote.

Sasa vikao vimeanza tena. Hawajiiti MRC, wanajiita wazee wa mtaa tu, lakini maneno ni yale yale: mkataba wa 1895, maili kumi, barua za 1963, Pwani si Kenya. Wanamtaka mtu wa kuandika. Aandike barua, aweke kumbukumbu za vikao, akusanye majina na michango. Ami amenitaja mbele ya wazee wote bila kuniuliza, kwamba huyu ndiye msomi wetu na kalamu yake tuliilipia sisi. Unajua mwenyewe ami akishakutaja mbele ya watu inakuwaje.

Shida yangu ni kwamba wanayosema nayaamini, si yote, lakini mengi. Shamba tunaloishi minazi yake ilipandwa na babu yake babu, na hati hatuna. Marehemu nyanya alikuwa akilipa kodi ya ardhi kwa wakala wa mwenye shamba, bwana ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumtia machoni. Risiti ziko kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha mama. Ya mwisho ni ya 1987, imeandikwa kwa wino wa buluu, chini ina alama ya dole gumba la nyanya. Baada ya hapo wakala hakuonekana tena. Halafu mwaka juzi wakaja watu na mpima ardhi, wakasimika jiwe la mpaka hatua chache kutoka kaburi la nyanya huyo huyo, wakasema shamba lina mwenyewe mpya. Hawajarudi. Ami hupita pale, akaligusa lile jiwe kwa fimbo, akaniambia, "Hii ndiyo Kenya yao." Sina la kumjibu. Na nikimsikia mwanasiasa wa Nairobi akicheka kwamba Wapwani ni wavivu, wanangoja nazi ianguke, hapo hapo natamani tuondoke kesho asubuhi.

Ila mke wangu ni Mkamba. Si wa kuja juzi: kazaliwa Likoni, baba yake alikuwa kuli bandarini. Agosti 1997, vijana walipovamia kituo cha polisi cha Likoni na kuanza kuwafukuza watu wa bara, yeye alikuwa na miaka sita. Nyumba yao ya kupanga ilichomwa, wakalala kanisani, baba yake akawapeleka Machakos. Baada ya mwaka akawarudisha ng'ambo ya pili, Changamwe, kwa sababu hakuwa na maisha mengine popote. Alisilimu kabla hatujaoana. Kidigo chake ni kizuri kuliko cha watoto wetu. Ami anampenda, na kila vikao vikiisha huja kula kwetu, akishanawa husema, "Mkaza mwanangu huyu si mbara, huyu ni wetu." Mke wangu huchukua sinia akaenda jikoni.

Majuzi mtoto wa ami alisema pale barazani kwamba siku Pwani ikiwa huru, wabara watapewa muda wa kufungasha. Kijana wangu mkubwa alikuwepo. Usiku akaniuliza kama babu wa Changamwe naye atafungasha.

Mke sijamwambia habari ya ukatibu. Mchana mimi ni mtu wa Pwani huru, usiku naiogopa. Nikikubali namsaliti mke, nikikataa namsaliti aliyenilea. Nishauri.

Katibu asiyeomba kazi,
Kusini mwa Kivuko

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Ukatibu usiukubali. Nalisema kwanza ili usisome barua yote hii ukibahatisha nitaelekea wapi. Lakini usidhani nasema hivyo kwa kuwa ami yako ni mzee aliyepotoka. Aliyopitia ni ya kweli, na lile jiwe kando ya kaburi ni la kweli zaidi. Nakukataza kwa sababu dawa wanayokuandikia haielekei kuutibu ugonjwa wenu, na nitakuonyesha kwa karatasi zile zile wanazozibeba.

Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala mwambao kwa jina lake, na yeye akawa analipwa kila mwaka. Mwambao wenyewe ni maili kumi kutoka baharini, kuanzia Kipini hadi Vanga, pamoja na visiwa vya Lamu. Voi haimo. Wundanyi haimo, wala Hola. Kwa hiyo anayesema "Pwani" akimaanisha kaunti zote sita, huku mkononi ana mkataba wa maili kumi, hajaupima. Halafu Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru, Sultani akauachia mwambao na mkataba wa 1895 ukafutwa. Jomo Kenyatta, waziri mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua. Ile habari ya kwamba tulikodishwa kwa miaka 50 na muda ukaisha 2013 haimo katika barua hizo. Na Sultani ambaye tungerudishwa kwake alipinduliwa Januari 1964.

Kilichomo ni ahadi. Uhuru wa dini. Mahakama za Kadhi, ambazo hadi leo ziko kwenye Katiba. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu. Na ahadi nyingine moja, ambayo sijapata kumsikia mtu wa barazani akiisoma kwa sauti: kwamba hati za ardhi ya umiliki wa milele zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa siku zote. Mwombe ami akusomee hapo. Hati hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye sheria ya 1908, iliyomtaka kila mdai aje na ushahidi wake. Aliyekuwa na karatasi na kuijua njia ya ofisini alipata. Ardhi ya Wamijikenda, nanyi Wadigo mkiwemo, ilikuwa ya ukoo, mashahidi wake minazi na makaburi, na mashahidi hao hawakukubaliwa. Nyingi ikawa ya serikali au ya bwanyenye. Nyanya yako alikuwa akitia dole gumba kwa ajili ya hati ya namna hiyo. Barua anazozitembeza ami yako ndizo zinazomlinda yule bwana msiyemjua. Ukishika madaraka kwa mkataba ule, umeshika na kifungu kile.

Hapa niseme la kwetu. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, na nyumbani kwetu mambo ya Mwambao yalizungumzwa kwa huzuni kama habari za maiti. Bibi yangu alikuwa na bendera nyekundu ya Sultani, ile iliyokuwa ikipepea juu ya Fort Jesus, kaikunja sandukuni pamoja na sanda yake. Alipokuwa akisema "nchi yetu ilichukuliwa", alimaanisha alivyosema. Ila katika nchi ile ya bibi, babu yako Mdigo alikuwa mkulima kwenye shamba la mtu. Ndiyo maana Robertson alipotumwa na Waingereza mwaka 1961 kuja kusikiliza watu, Wapwani hawakusema kwa sauti moja. Waarabu na Waswahili wengi walitaka Mwambao ujitenge au upate mamlaka yake. Ronald Ngala na Wamijikenda waliomfuata hawakutaka kusikia. Tishio la Sultani waliliona karibu kuliko la Kenyatta. Ngala alitaka majimbo ndani ya Kenya. Akayapata 1963, na kabla ya mwaka wa pili kwisha chama chake KADU kimevunjwa na majimbo yamefutwa. Hasira ya Mmijikenda ilianzia hapo. Aliahidiwa sehemu yake ndani ya nyumba, akafungiwa uani.

Kwa hiyo wale wa 1961 na hawa wa leo hawakuwa watu wamoja wala hawakutaka kitu kimoja, ingawa wimbo umefanana. Sikuambii haya ili ukamshinde ami kwa hoja. Nakuambia ili ujue kwamba "sisi" ya Pwani imekuwa ikibadilika kila anapobadilika anayeitaja, na safari hii anaitaja ami yako.

Sasa nije kwa mkeo, maana barua yako nzima ni yake hata ukijifanya ni ya mkataba.

Ami anasema, "Huyu si mbara, huyu ni wetu." Anasema kwa mapenzi, simtilii shaka. Lakini sikiliza kilichomo. Mkeo ni wetu kwa sababu ami amesema. Kesho ami akifa, atakayesema ni yule mwanawe wa barazani, naye umeshamsikia. Baba mkwe wako aliyebeba magunia Kilindini maisha yake yote hakutajwa kabisa kwenye msamaha huo. Mkeo anaelewa haya kuliko mimi na wewe. Alishakuwa jirani mwema wa watu mpaka siku moja ya Agosti. Anapochukua sinia kimya anakwenda kuosha vyombo, na pia anaondoka asije akajibu.

Mwaka 1997, vijana wa kwenu walilishwa kiapo, wakaambiwa mashamba na kazi vitarudi kwa wenyewe. Watu kama 100 wakauawa, maelfu kwa maelfu wakakimbia. Tume ya Akiwumi ilikuja kuchunguza, na majina ya wanasiasa yakatajwa. Niambie ni Mdigo gani aliyepata hati ya shamba kwa ajili ya 1997. Walichopata ni askari vijijini, na vijana waliopigwa mpaka wasiweze kushika jembe. Utalii ukafa msimu mzima, na waliokuwa wakiosha mashuka hotelini Diani wakarudi nyumbani, wabara na wapwani pamoja.

Wazee wa mtaa watakuambia wao hawataki vita. Naamini. Wa MRC nao walisema hivyo, na Mahakama Kuu Mombasa Julai 2012 ikaamua kwamba kuwapiga marufuku kulivunja Katiba. Kusema "Pwani si Kenya" si kosa. Miezi mitatu baadaye mwenyekiti wao, Omar Mwamnuadzi, akakamatwa pamoja na wenzake. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 2013 polisi wakauawa Changamwe na Kilifi, serikali ikawatupia MRC lawama, wenyewe wakakana. Nani alifanya, mimi na wewe hatujui, lakini vijana wa mitaani ndio waliosombwa kwenye malori. Ndiyo maana nakuuliza swali la kikarani: daftari la majina na michango litakaa kwa nani? Kwa katibu. Litakuwa limeandikwa kwa mkono wa nani? Siku watakapokuja usiku, hawatamtafuta aliyehutubia vizuri. Na kukitajwa kiapo hata cha mzaha, ondoka hapo hapo, maana sheria ya viapo haina mzaha.

Ukitaka kujua kama mlango wa halali upo, upo, ila ni mwembamba. Katiba ya 2010, kifungu cha 255, inasema kugusa mipaka ya nchi ni lazima kura ya maoni ya Kenya nzima, na katika angalau nusu ya kaunti ijitokeze asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa. Maana yake watu wa Nyeri na Kakamega ndio watakaokuruhusu uende. Nje ya hapo ni kujitangazia, na majirani wa Afrika hawamtambui anayejitangazia: tangu mkutano wa Cairo wa 1964 walikubaliana mipaka ya mkoloni isiguswe. Waulize Wangazija walioko Mombasa habari za Anjouan, kisiwa kimoja cha Komoro. Walijitenga 1997, wakaomba hata kurudi kwa Ufaransa, Ufaransa ikakataa. Mwaka 2008 vikosi vya Umoja wa Afrika vikashuka kisiwani, askari wa Tanzania wakiwemo, na mambo yakaishia hapo. Walichokuwa wamekipata ni Katiba ya 2001 iliyozungusha urais kisiwa baada ya kisiwa, na hiyo waliipata mezani. Sudan Kusini waliopiga kura kuondoka Januari 2011 walikuwa karibu asilimia 99. Desemba 2013 wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Eritrea ni nchi, naam, baada ya vita vya miaka 30.

Na usisahau wakubwa. Novemba 2017, baada ya ule uchaguzi wa marudio, magavana wawili, Hassan Joho wa Mombasa na Amason Kingi wa Kilifi, walisimama mbele ya kamera wakasema wataanza safari ya kuitenga Pwani kwa njia za kisheria. Watu walishangilia mpaka sauti zikakauka. Mwaka 2022 Kingi akawa Spika wa Seneti. Mwaka 2024 Joho akawa waziri wa madini. Wote katika Kenya ile ile. Siwalaumu kwa kupanda cheo, siasa ndiyo hiyo. Nalaumu desturi yetu ya kugeuza mateso ya watu kama ami yako kuwa fimbo ya kugongea mlango wa Nairobi, mlango ukifunguliwa fimbo inatupwa. Jicho la ami halikuwa kwenye mapatano ya mtu yeyote.

Tena tangu 2013 kaunti ni zetu, magavana ni wetu, mabunge ya kaunti ni yetu. Viwanja vya ufuoni vilivyoandikwa majina ya wakubwa havikuandikwa majina ya Nairobi peke yake. Wewe ni karani, utajua kusoma rejista.

Hapo sasa ndipo nataka kalamu yako iende. Mwambie mama akutolee ule mkebe. Nenda na namba ya shamba kwenye ofisi ya ardhi, uombe kuangalia daftari: mwenye hati ni nani, tangu lini, na aliuziwa na nani. Ikiwa ni ardhi ya mtu binafsi, sheria ya Kenya inamruhusu aliyeikalia waziwazi kwa miaka 12 mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe, kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kudai iwe yake. Kununuliwa na mtu mpya hakuukati muda huo. Mlipokuwa mkilipa kodi mlikuwa hapo kwa ruhusa, kwa hiyo miaka hiyo haihesabiki, lakini kwa kawaida muda huanzia kodi ya mwisho ilipopokelewa, nanyi mna risiti ya 1987 yenye dole gumba. Kumbe karatasi mnayoiona ya unyonge ndiyo inayoweza kuwa shahidi wenu. Ikiwa ni ardhi ya serikali, njia hii imefungwa na itabidi mtafute nyingine. Yote haya yapeleke kwa wakili. Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa na husaidia watu wasio na uwezo.

Sikuahidi ushindi. Pale Likoni penyewe, shamba la Waitiki, maskwota walikaa miaka kwa miaka mpaka serikali ikalinunua, na Januari 2016 wakaanza kupewa hati. Kisha wakaambiwa kila mmoja alipe shilingi 182,000. Watu walikasirika, na nilikasirika nao, kwa sababu mtu hauziwi kaburi la babu yake. Lakini hati walipewa. Wengine katika maskwota wale walikuwa watu wa bara pia, jambo ambalo wazee wa mtaa wanaweza kulifikiria vikao vikipoa.

Kwa ami usiende mbele ya wazee. Mfuate nyumbani kwake baada ya isha, peke yako au na shangazi yako mkubwa kama yupo hai na anasikilizwa. Usimwambie Pwani huru ni ndoto. Hukuombwa maoni, uliombwa kazi. Mwambie kazi hii huiwezi, na badala yake unataka kumwandikia nyingine: kila nyumba hapo mtaani, ina risiti gani, makaburi gani, minazi ya nani, jiwe la mpaka liko wapi na lilisimikwa lini. Majina ni yale yale aliyotaka uyakusanye, ila haya yatapelekwa mahakamani na wenyewe, mchana. Akikasirika, akae na hasira yake. Aliyekulea hawezi kukusahau kwa siku moja. Na akipoa, mwombe jambo moja kama baba: yeye mwenyewe, mbele ya kijana wako, amrekebishe mwanawe. Wewe usimrekebishe, litakuwa la mke. Likitoka kwa ami, litakuwa la ukoo.

Lakini kabla ya ami, mwambie mkeo. Leo. Usianze na "usiogope", anza na kwamba umetajwa, na kwamba utakataa, kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakushangaza. Nimewajua wanawake wa bara waliozaliwa huku ambao hasira yao juu ya bandari na ardhi ya Pwani ni kali kuliko ya wenyeji, kwa sababu nao hawana kwingine.

Kuhusu kuwa na mioyo miwili, baki nayo. Ukiudhika mchana na kuogopa usiku, si unafiki, ni kwamba unajua mambo mawili ambayo wenzio barazani wanajua moja moja. Ikija siku ya kura ya maoni ya halali, utaenda kituoni na mkeo, kila mtu na kura yake, na hakuna atakayewauliza. Hakuna anayekudai jibu la swali hilo mwaka huu isipokuwa wanaotafuta katibu.

Zile risiti zitolee nakala wiki hii, na zile halisi zisirudi chini ya kitanda, zikae kwa mtu mnayemwamini nje ya boma. Na wale wa jiwe wakirudi wakitaka mlipe kodi, hata iwe shilingi mia, au mtie sahihi karatasi ya kukubali kwamba mko hapo kwa ruhusa ya mwenye shamba mpya, msilipe na msitie sahihi mpaka wakili aione. Mwambie na mama, maana ndiye atakayekuwa nyumbani.